Tiketi za Kwenda kwa Wendo

Umetandaza ramani juu ya meza ya kulia,
ukaibana kwa kikopo cha chumvi na sahani ya zabibu,
na kidole chako kimekwisharuka mara mbili:
Amsterdamu, hop! Munichi, hop! Viena.
Saa mbili kasoro, unasema.
Chai haijapoa, tumeshafika.

Changu kinatambaa.
Kinafuata mstari mwekundu kando ya mto,
kinasimama kila penye kitone
na kuuliza: hapa dirishani wanauza nini?
Maana kwetu reli ilikuwa na ladha,
Gulwe mayai, Saranda kuku,
Itigi asali ndani ya chupa ya konyagi.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya Luku.
Ndege ni rahisi, Ndahani, sikatai,
rahisi kama mbuzi wa mnada wa Msalato:
bei moja ukimtazama,
nyingine ukishamfungua kamba.
Begi, fedha. Kukaa kiti jirani na mume wangu, fedha.
Na uwanja wenyewe uko mbali na mji
kama Hombolo na soko la Majengo.
Nani atalipia kilo sita za unga wa uwele,
mlenda niliouanika juu ya bati wiki nzima,
na ile divai yetu, zabibu za mikono yetu,
watakayoimwaga mlangoni eti ni majimaji?
Treni haina mzani.
Treni haikuvui mkanda mbele za watu.

Ukacheka. Ukasema mimi ni mtu wa mji
alikodidimia tembo,
ndiyo maana naogopa kuinua miguu.
Nikacheka nami,
ila nilikuona ukiichungulia saa ya ukutani.

Kisha umeme ukakatika.
Na gizani ukalitamka lile neno
ulilolizunguka miaka ishirini na sita
kama mtu anayezunguka chungu cha moto bila kata:
Kidete.
Mto umekula tuta.
Mabehewa yamesimama porini siku mbili na nusu,
watu wanasonga ugali kati ya mataruma,
mlevi mmoja anapiga zeze, watoto wanacheza,
na wewe dirishani, vitenge vya mama yako mapajani,
vile vya kumfunikia.
Ulipofika Dodoma
kaburi lilishakanyagwa na mbuzi.

Ukasema, "Sitachelewa tena kwa mtu wangu.
Wendo atavaa joho saa nne.
Si saa tano."

Sikujibu. Nilipapasa kiberiti.
Kumbe mimi nilidhani tunabishania nauli.

Basi sikia.
Kwenda, turuke.
Unga tutagawana, nusu begi lako, nusu langu,
mlenda nitaushonea kwenye bitana ya koti,
divai ibaki kabatini, itatungoja.
Ndege ikipaa nishike mkono,
nishike kweli, si vile vya kanisani.

Lakini joho likishavuliwa,
picha zikishapigwa, machozi yakishafutwa,
hatutakuwa na wa kumwahi.
Kurudi nipe reli.
Usiku mzima kutoka Viena,
Wendo atusindikize, alale kitanda cha juu
kama alivyolala bado mdogo tukienda Tabora,
mguu mmoja unaning'inia.
Nataka kuona wenzetu wanaanika nini,
wanafuga nini nyuma ya nyumba.
Na treni ikisimama mahali pasipo jina,
pasipo taa, pasipo sababu,
usiniulize saa.
Nitakumenyea yai.

Ulikaa kimya hadi mshumaa ukainama.
Halafu upande wa Ihumwa honi ikalia,
ile treni mpya ya umeme, yenye umeme wake,
inapita mji wetu uliozimika.
Ukaimulika saa ya ukutani kwa simu.
"Imewahi dakika nne," ukasema,
kwa sauti ya mtu anayemsifia jirani
mtoto asiyempenda bado,
ukavuta ramani,
ukaweka kidole juu ya Viena
na, polepole, ukaanza kukiburuta.